Aliyefichika Naye Huhesabiwa: Namna Wataalamu Wanavyokadiria Idadi ya Miti, Mbung'o na Tembo

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Ipuli, Tabora



Mwaka uliopita kamati ya msikiti wetu hapa Ipuli ilifikiwa na jambo ambalo mwanzo tulilidhania kuwa la fedha, kumbe lilikuwa la hesabu. Tunalo shamba la wakfu nje ya mji, ekari 60 za pori la miyombo, aliloliacha mzee wetu mmoja, Allah amrehemu, kwa ajili ya msikiti na madrasa. Alikuja mnunuzi wa mbao akataka mininga yote iliyomo, na bei aliyoitaja ilitosha kuezeka madarasa mawili ambayo kuta zake zimesimama bila paa. Watoto wetu husomea chini ya mwembe, na mvua ikinyesha darasa huvunjika.

Kamati iligawanyika. Kila mwenye kusoma mlango wa wakfu anajua kanuni yake: asili huzuiwa, manufaa hutolewa. Mwembe wa wakfu hukatwi, bali huchumwa maembe. Je, mninga ni asili au ni tunda? Ikiwa ukikatwa mmoja wapo mwingine unaoinuka mahali pake, basi kuvuna ni sawa na kuchuma. Ikiwa hakuna unaoinuka, basi kuvuna ni kuila asili yenyewe. Hivyo basi hukumu ilisimama juu ya swali la idadi: mininga iliyokomaa ni mingapi, na michanga ni mingapi?

Wajumbe waliotaka kuuza walikwenda shambani wakarudi wakasema, "Mininga imejaa tele." Waliokataa nao wakaenda, wakarudi wakasema, "Haimo." Hakuna aliyesema uongo. Wa kwanza walipitia upande wa bondeni, wa pili walipitia upande wa barabara, ambako wakata mkaa walikwisha kutangulia. Kila kundi lilihesabu mahali lilipoingilia, kisha likalitolea hukumu shamba zima.

Ndipo tulipotambua kwamba hitilafu yetu ni ile ile ambayo wataalamu wa viumbe wameishughulikia kwa zaidi ya miaka mia moja. Yale tuliyojifunza tumeona tuyafikishe kwa familia za Kiislamu, kwa kuwa ni elimu yenye manufaa, na sehemu yake imekuzwa katika nchi yetu wenyewe.

Kura ni uadilifu

Kanuni ya kwanza ya elimu hii ni kwamba asiyeweza kuhesabu vyote na ahesabu sehemu, lakini sehemu hiyo asiichague kwa jicho lake. Jicho hupenda njia iliyo nyepesi, na hupenda kuona linachokitafuta. Dawa yake ni kura. Neno hili tumelipokea kutoka Kiarabu, na sisi Waislamu si wageni wa jambo lenyewe: tunakisoma kisa cha Nabii Yunus, alayhis-salaam, jahazini, na kisa cha kumpata mlezi wa Bibi Maryam. Kura haimjui tajiri wala maskini, haijui bondeni wala barabarani.

Afisa misitu mmoja alitufundisha namna ya kufanya. Tulichora ramani ya shamba, tukaigawa katika miraba ya mita 50 kwa 50, ikapatikana miraba 97. Namba zake tuliziandika katika vipande vya karatasi, tukavitia ndani ya kofia, na mtoto wa madrasa akachomoa 20. Katikati ya kila mraba uliochomolewa tulipigilia mambo, tukafunga kamba ya mita 15, tukazunguka nayo. Kila mti uliokuwa ndani ya duara tuliuandika jina lake na unene wake, tukiupima usawa wa kifua kwa utepe wa fundi cherehani.

Duara la namna hiyo si uzushi wetu. Ndilo lililotumika katika tathmini ya misitu ya taifa zima, iliyosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania na kutolewa taarifa yake mwaka 2015. Wapimaji walitumia maduara manne yenye kitovu kimoja, la mita 1, la 5, la 10 na la 15: dogo kwa vijiti vyembamba, kubwa kwa miti minene. Kwa maduara yaliyotawanywa nchi nzima ilijulikana kwamba Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48 za misitu na mapori ya miti, yaani zaidi kidogo ya nusu ya ardhi yake. Hakuna aliyehesabu miti yote. Haikuhitajika.

Mpishi wa pilau haonji sufuria nzima. Huonja kijiko kimoja, lakini hukoroga kwanza. Kura ndiyo mwiko wa kukorogea pori.

Mbung'o waliopakwa rangi

Mti una fadhila moja: hausogei. Wapo viumbe wanaoruka, wanaojificha na wanaokimbia. Hao huhesabiwaje?

Sisi watu wa Unyamwezi tunamfahamu mbung'o kwa machungu. Ndiye anayeleta malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo, na ndiye sababu mojawapo iliyoifanya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, iwe njia ya mabega ya watu. Punda na ng'ombe wa mizigo walikufa njiani, na wapagazi wa Kinyamwezi wakabeba pembe na vitambaa kwa miguu yao miezi na miezi.

Zama za Waingereza iliundwa idara ya utafiti wa mbung'o, na makao yake yakawa kwa jirani zetu wa Shinyanga. Mkuu wake alikuwa Charles Swynnerton, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Katika idara hiyo alikuwepo mtaalamu aitwaye C. H. N. Jackson, ambaye mwaka 1939 alichapisha uchambuzi wa idadi ya mbung'o wa Tanganyika unaotajwa hadi leo katika elimu hii. Kazi ya mikono ilifanywa na wenyeji wetu, vijana waliotembea porini kwa njia zilizopangwa, wakawakamata mbung'o kwa vyandarua vidogo, wakawatia nukta za rangi mgongoni, wakawaachia waende zao. Siku nyingine wakarudi kukamata tena, wakitazama wangapi wana rangi na wangapi hawana.

Kwa nini rangi? Wazazi wenzetu, fanyeni jaribio hili nyumbani pamoja na watoto. Chukueni mtungi wenye choroko ambazo hamjui idadi yake. Chota kiasi, tuseme choroko 60, zitieni alama ya wino, zirudisheni mtungini na mtikise vizuri. Kisha choteni tena, tuseme 80, mtazame zenye wino ni ngapi. Mkiona 12, fikirini hivi: katika mchoto wa pili, zenye alama ni 12 kati ya 80, nazo ni sawa na 15 kwa kila 100. Ikiwa mtungi umetikiswa sawasawa, basi na mtungini zenye alama ni 15 kwa kila 100. Tunajua kuwa zenye alama ni 60. Basi zote ni 60 mara 80, gawanya kwa 12, yaani 400. Mwageni mhesabu zote mwone mmekaribia kiasi gani. Rudieni mara tatu, mtaona jibu linapanda na kushuka, lakini halendi mbali na ukweli.

Njia hii Mdenmaki C. G. J. Petersen aliitumia kwa samaki mwishoni mwa karne ya 19, na Mmarekani Frederick Lincoln akaitumia mwaka 1930 kwa mabata waliovishwa pete. Hata hivyo ina masharti: alama isifutike, mwenye alama asiogope kukamatwa tena, na kati ya mchoto na mchoto asizaliwe mtu wala asife mtu. Mbung'o hatimizi sharti la mwisho, kwa kuwa huzaliwa na hufa kila siku. Ubora wa Jackson ulikuwa hapo. Kwa kurudia kukamata na kutia alama kwa muda mrefu, aliweza kukadiria pia wangapi wanakufa na wangapi wanaingia. Dosari ya njia iligeuka kuwa elimu ya ziada.

Lipo na funzo la pili. Mbung'o waliokuja kwa wakamataji wengi wao walikuwa madume, kwani majike hawamwendei mtu anayetembea kwa wingi kama huo. Anayehesabu waliomjia tu atasema majike ni haba, kumbe hakuwaona tu. Nasi tunalijua jambo hili kila mwisho wa Shaabani. Asiyeuona mwezi hawezi kushuhudia kwamba haupo. Huenda mawingu yalitanda, huenda alisimama mahali pabaya. Kutoonekana ni habari ya macho kwanza, kabla haijawa habari ya kitu.

Kiota cha sokwe na bawa la ndege

Kwa sababu hiyo wataalamu huhesabu hata athari za mnyama badala ya mnyama mwenyewe. Magharibi yetu, katika nchi ya Ugalla na bonde la Issa, wamo sokwe wanaoishi katika pori la miyombo. Ni wachache, wametawanyika, na humwona mtu kabla hajawaona. Lakini sokwe mkubwa hujenga kitanda kipya cha matawi karibu kila usiku. Mtafiti hutembea katika mistari iliyonyooka akahesabu viota na kupima umbali wake kutoka mstarini, kisha hugawanya kwa siku ambazo kiota hudumu kabla ya kuporomoka. Akikosea muda huo wa kudumu, jibu lote hukosea. Kwa hiyo hulazimika kuvifuatilia viota vyenyewe, mvua na jua, mpaka vibomoke.

Tembo nao huhesabiwa kutoka angani. Ndege ndogo huruka chini katika mistari sambamba, na chini ya mabawa zimefungwa fito zinazoweka mpaka wa ukanda. Waliokaa nyuma, mmoja kila upande, huhesabu wanyama walio ndani ya ukanda tu. Ukanda wa pande zote mbili ukiwa na upana wa mita 300, na mistari ikiachana kilomita 5, eneo lililotazamwa ni sehemu 6 kwa kila 100. Zile 94 hukadiriwa.

Hapa ndipo penye mtihani. Kwa njia ya namna hii ilijulikana kwamba tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na taarifa ya majangili ikawa haina tena wa kuipinga. Lakini katika mapori ya Ruaha na Rungwa, kusini mashariki mwa mkoa wetu, hesabu ya mwaka 2014 ilileta tembo elfu nane na mia kadhaa, ilhali mwaka mmoja nyuma walikadiriwa kuwa kama elfu 20. Hesabu ikarudiwa mwaka 2015, wakapatikana karibu elfu 16.

Msomaji atauliza: tembo hubeba mimba karibu miezi 22 na huzaa mmoja, waliongezekaje maradufu kwa mwaka? Hawakuongezeka. Tembo hutembea kwa makundi, na kundi kubwa likisimama kati ya mistari miwili halionekani, likisimama ndani ya ukanda huzidisha. Tena wanyama huhama. Ndiyo maana mtaalamu mwaminifu hatoi namba moja pekee, hutoa namba pamoja na kiasi cha wasiwasi wake, juu na chini. Na ukizichukua hesabu zote tatu, zote ziko chini mno ya ile ya mwaka 2009, iliyozidi elfu 30. Waliogombana juu ya elfu nane na elfu kumi na sita walikuwa wakigombania ukubwa wa msiba. Msiba wenyewe ulikwisha kuthibiti.

Wingi si utajiri

Jambo jingine tulilojifunza ni kwamba idadi na utajiri wa viumbe si kitu kimoja. Fikirini mapori mawili, kila moja lina miti 100 ya aina tano: mtundu, mninga, mkurungu, mpingo na mkola. Katika pori la kwanza kila aina ina miti 20. Katika la pili mitundu ni 96 na nyingine zina mti mmoja mmoja. Majina ni matano kote, lakini hakuna mwenye akili atakayesema ni sawa.

Mwaka 1949 Edward Simpson, Mwingereza aliyefanya kazi ya kufumbua siri za maadui wakati wa Vita Kuu ya Pili, alileta kipimo chepesi: gusa mti mmoja ukiwa umefumba macho, kisha gusa mwingine vivyo hivyo. Je, kuna uwezekano gani kwamba yote miwili ni ya aina moja? Katika pori la kwanza ni karibu mara 20 kwa kila 100. Katika la pili ni mara 92. Uwezekano huo ukiwa mdogo, pori ni tajiri. Mrina asali wa Tabora hahitaji hesabu hii, kwani anajua kwamba nyuki wanataka maua ya mti huu mwezi huu na ya mti ule mwezi ujao. Lakini hesabu humwezesha kuliambia baraza kile ambacho yeye anakijua kwa pua.

Tulichokiona shambani

Turudi kwenye wakfu. Maduara yetu 20 yalikuwa takriban sehemu moja kati ya 17 ya shamba. Mininga iliyokomaa tuliyoikuta ndani yake ilikuwa 10, hivyo shamba zima lilikadiriwa kuwa na kama 170. Afisa misitu alitukataza kuisoma namba hiyo kama aya. Katika maduara 13 hamkuwa na mninga hata mmoja, na katika duara moja ilikuwemo mitatu. Kwa mtawanyiko huo, alisema, huenda ikawa 50 na huenda ikawa 300. Michanga tuliikuta mitatu tu katika maduara yote.

Sisi tuliotaka kukataa biashara tulifurahi. Michanga mitatu ilikuwa ushahidi tosha kwamba kuvuna ni kuila asili. Tuliandika hivyo katika kumbukumbu za kikao kwa mkono wetu wenyewe.

Baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja mrina asali, ambaye katika kikao hakusema neno, alitushika mkono. "Bwana Katibu, mwanangu, mlikwenda lini?" Tukamjibu, "Septemba, mzee wangu." Akatabasamu. "Mninga mchanga hufa juu wakati wa kiangazi ukabaki mzizi. Mvua ikija huchipua, kiangazi kikirudi hufa tena, miaka na miaka, mpaka mzizi upate nguvu ya kuinua mti. Ninyi mlihesabu waliokuwa wamelala."

Usiku ule hatukulala vizuri. Kumbukumbu zilikwisha kuandikwa, hoja yetu ilikuwa imeshinda, na hakuna mjumbe mwingine aliyeyasikia maneno ya mzee. Lakini aliyekabidhiwa kalamu amekabidhiwa mizani, na sote tunajua ahadi iliyowekwa kwa wapunjao vipimo. Kikao kilichofuata tuliyaeleza, na walioshindwa wakatutazama kwa macho ambayo hatutayasahau.

Februari, mvua ikiwa imekolea, tuliirudia mambo ile ile na kamba ile ile. Michanga ikawa 19.

Wenzetu walitaka kusherehekea. Mzee akawazuia wao pia. Chipukizi la mninga, alisema, si mninga bado. Moto wa kiangazi ukipita kila mwaka, litakufa na kuchipua mpaka mzizi uchoke. Tulipokwenda Septemba, majivu yalikuwa yamejaa katika maduara mengi, nasi tulikuwa tumeyaandika pembeni bila kuyazingatia.

Basi kamati ikakubaliana, safari hii bila kupiga kelele. Mnunuzi aliambiwa hapana, kwa kuwa alitaka yote na sisi hatukuweza kuthibitisha kwamba iliyolala itaamka. Tulikubaliana kufyeka njia ya kuzuia moto kila mwezi wa Mei, kutundika mizinga ili shamba litoe tunda lisilo na shaka, na kurudi kuhesabu kila Februari katika maduara yale yale. Michanga ikishinda moto na kuinuka, watakaokuja baada yetu wataomba kibali cha misitu na kuvuna kwa kadiri, nayo itakuwa ni matunda ya wakfu.

Madarasa bado hayana paa. Hatuwafichi wasomaji jambo hilo, na mwenye uwezo wa kuchangia bati moja asiache kufika. Lakini daftari la maduara lipo msikitini, limeandikwa Septemba na Februari katika ukurasa mmoja, bila kufutwa kitu. Watoto wa madrasa ndio watakaoshika kamba mwaka huu. Mmoja wao alituuliza kama itabidi wamhesabu hata mninga ambao hawauoni. Tulimwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Wallahu a'lam, na kwake tunaomba tawfiki.